Miezi Miwili ya Binti Yeftha

Masomo ya juma hili: Waamuzi 11:1–3 na 29–40, Mambo ya Walawi 27:1–8, Mwanzo 21:8–21



Mtu anayekuja kwa mchungaji kuzungumzia talaka huwa amekwisha kulia huko alikotoka. Anapoketi, maneno yake ni machache na makavu. Mama husema, "Sitaki hata shilingi yake, aniachie watoto wangu tu." Baba naye husema, "Waandike wanachotaka, nitatia sahihi, mradi haya yaishe." Maneno hayo nimeyasikia hapa Gilgil kwa watu wa kila hali, waliofunga ndoa madhabahuni kwa vigelegele na waliooana kwa DC wakiwa na mashahidi wawili tu.

Baadaye maneno hayo huingia kwenye karatasi. Wakili huyapanga vizuri: watoto watakaa na mama, baba atatoa kiasi fulani kila mwezi au hatatoa kitu, na pande zote mbili zimeridhika. Sahihi zinawekwa. Karatasi inaambatanishwa na kesi ya talaka, na watu wanaanza kungoja siku ya korti, Naivasha au Nakuru. Katika kungoja huko, hasira inapopungua na usingizi unaporudi, mmoja wao huanza kufanya hesabu ambayo hakuifanya siku ile. Ndipo hunijia na swali lisilohusu sheria hata kidogo: Mchungaji, nilitoa neno langu mbele ya watu. Je, nikilitengua sasa nimetenda dhambi?

Ni swali la mtu mwadilifu, nami sitaki kulipita haraka. Zaburi ya 15 inapomweleza mtu atakayekaa katika hema ya Bwana, inamtaja yule aliyeapa kwa hasara yake mwenyewe wala hageuki. Wengi wetu tulilelewa na andiko hilo. Lakini lisomeni tena polepole: hasara inayotajwa pale ni ya yule aliyeapa. Aliahidi, ahadi ikamgharimu, akailipa. Mama anayesema hataki hata shilingi anaapa kwa hasara ya nani? Siku uji utakapokosekana, nani atakayelala na njaa?

Biblia inamjua mtu aliyeapa kwa hasara ya mtoto wake. Jina lake ni Yeftha.

Watu wengi wanakumbuka nadhiri yake na kusahau utoto wake. Sura ya 11 ya Waamuzi inaanza kwa kutuambia kwamba alizaliwa na mwanamke kahaba, na kwamba ndugu zake, wana wa mke wa nyumbani, walimfukuza ili asirithi kitu katika nyumba ya baba yao. Akakimbilia nchi ya Tobu, akakusanyikiwa na watu wasiokuwa na mbele wala nyuma. Huyo ndiye mtoto aliyenyimwa fungu lake. Wazee wa Gileadi walimjia baadaye walipohitaji mtu wa kupigana na Waamoni, lakini hakuna mahali tunaposoma kwamba yeyote kati yao alimtetea alipokuwa akifukuzwa. Mtoto aliyefanywa kuwa kitu cha kuhesabiwa katika ugomvi wa watu wazima alikua, akawa jemadari, na siku alipokuwa na mtoto wake mwenyewe akamfanya vilevile. Alimwekea Mungu nadhiri kwamba akishinda vita, chochote kitakachotoka mlangoni mwa nyumba yake kumlaki kitakuwa cha Bwana. Akashinda. Akatoka binti yake wa pekee na matari na kucheza.

Yeftha akararua mavazi yake. Akasema amekwisha kufumbua kinywa chake kwa Bwana, na hawezi kurudi nyuma. Wafasiri wanabishana mpaka leo kama binti yule aliuawa au aliwekwa wakfu asiolewe maisha yake yote. Sitaingia katika mabishano hayo leo, kwa sababu ninalotaka tuliangalie ni la kabla ya hapo. Binti aliomba apewe miezi miwili, aende milimani na wenzake akalie. Akapewa. Basi kati ya kiapo na utekelezaji wake palikuwa na miezi miwili mizima. Baba alikuwa nyumbani kwake Mizpa. Makuhani walikuwako. Mambo ya Walawi sura ya 27 inajua habari za mtu aliyemweka mtu mwingine katika nadhiri: inaweka kiasi cha fedha cha kumkomboa, shekeli 10 kwa msichana wa miaka 5 hadi 20, shekeli 30 kwa mwanamke wa miaka 20 hadi 60, na mstari wa 8 unaongeza kwamba aliyeweka nadhiri akiwa maskini, kuhani amhesabie kwa kadiri ya uwezo wake. Miezi ile ikapita, na hakuna aliyeuliza kama kuna njia.

Walimu wa Kiyahudi wa zamani liliwauma jambo hili, nao katika maelezo yao ya kitabu cha Mwanzo waliliwekea hadithi. Walisema kwamba kuhani Finehasi angeweza kumfungua Yeftha kiapo chake. Lakini Finehasi aliona kwamba yeye ni kuhani mkuu, mwana wa kuhani mkuu. Aendeje kwa mtu asiye na elimu? Naye Yeftha aliona kwamba yeye ni mkuu wa majemadari wa Israeli. Aendeje kwa kuhani? Kila mmoja akakaa kwake akimngoja mwenzake aje. Na kati ya hao wawili, msichana akapotea. Walimu wale waliwahesabia hatia wote wawili.

Ndugu zangu, sijui maelezo mengine yanayoonyesha waziwazi namna hii kile kinachotokea kati ya wazazi wawili wanaoachana. Mama anasema, "Akitaka kuongeza, aje mwenyewe." Baba anasema, "Akiona haitoshi, aseme." Siku zinakwenda, na korti inakaribia.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeuliza ni hili. Neno ulilolitoa kuhusu matunzo ya mtoto, ikiwa gharama yake inamwangukia mtoto, si dhambi kulifungua upya. Dhambi inaweza kuwa katika kulishikilia. Na wakati wa kulifungua ni sasa, kabla ya amri ya mwisho.

Nasema sasa kwa sababu ninazozijua kutokana na kuandamana na watu kortini. Makubaliano yaliyowekwa sahihi lakini korti haijayapokea ni rahisi kuyarekebisha: wazazi wanakaa tena, wakili anaandika upya, basi. Yakishapokelewa na kuwa amri ya makubaliano, mambo hubadilika. Mahakama yetu ya Rufaa ilieleza mwaka 1988 kwamba amri iliyotokana na maafikiano haitenguliwi kirahisi. Anayetaka itenguliwe sharti aonyeshe udanganyifu, kosa la kutoelewa, au sababu nyingine nzito ya namna hiyo. Mambo ya mtoto yana nafuu, maana korti inaweza kubadilisha amri ya matunzo hali zinapobadilika. Lakini hiyo ni safari nyingine: maombi mapya, viapo vipya, nauli ya kwenda na kurudi, siku za kazi zilizopotea. Talaka yenyewe pia haimaliziki siku moja. Korti kwa kawaida hutoa kwanza amri ya muda, kisha amri ya kudumu hufuata baada ya siku zilizowekwa. Siku hizo ni za kutumiwa.

Watu wengine hudhani kwamba kesi ya talaka itabeba kila kitu. Haibebi. Ndoa inavunjwa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Malezi na matunzo ya watoto yana Mahakama ya Watoto, na Sheria ya Watoto iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai 2022 ndiyo inayoongoza. Juu ya zote iko Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi, na kinasema wajibu wa baba na mama wa kumtunza ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kifungu hichohicho kinaweka maslahi ya mtoto mbele ya mambo mengine yote katika kila shauri linalomhusu. Zingatieni haki hiyo ni ya nani. Ni ya mtoto. Mama hawezi kuisamehe, kwa maana si yake. Baba hawezi kuinunua kwa kumwachia mama nyumba au shamba. Hakimu akiona makubaliano yanamwacha mtoto bila kitu, hafungwi nayo hata kama wazazi wamekumbatiana mbele yake.

Tumefika hapa kwa njia ndefu, na vijana wetu hawaijui. Mwaka 1959 Kenya ilikuwa imetunga sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumpeleka baba wa mtoto kortini amtunze. Mwaka 1969 Bunge la nchi huru, lililojaa wanaume, likaifuta. Mtoto wa mama asiyeolewa akabaki mikononi mwa huruma ya babaye. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilirudisha kiasi, lakini bado iliuweka mzigo wa kwanza juu ya mama pale wazazi walipokuwa hawakuoana, mpaka Jaji Mumbi Ngugi alipoamua katika Mahakama Kuu, mwaka 2013, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Hesabuni miaka kutoka 1969 hadi 2010. Kizazi kizima cha akina Yeftha kililelewa katika miaka hiyo. Wengine wao ni wazazi wanaokaa mbele yangu leo, wakisema hawakutunzwa na baba na hawakufa. Ni kweli hawakufa. Lakini niliowasikiliza mpaka mwisho wa habari zao hawakutaka mtoto wao apite palepale.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana upendo kwa mtoto usipofika kwenye hesabu unabaki kuwa maneno. Ibrahimu alipomwondoa Hajiri pamoja na mtoto aliyemzalia, Maandiko yanasema jambo lile lilikuwa baya sana machoni pake kwa ajili ya mwanawe. Aliumia kweli. Hata hivyo alipoamka asubuhi na mapema alimpa mkate na kiriba cha maji, akamtwika begani. Huyu ni Ibrahimu yuleyule aliyekuwa tajiri wa mifugo, fedha na dhahabu, aliyekuwa na vijana 318 waliozaliwa nyumbani mwake, wenye mafunzo ya vita. Sina shaka na imani ya Ibrahimu, na Mungu alikuwa amemwahidi kwamba atamfanya kijana huyo kuwa taifa. Lakini maji yalikwisha katika nyika ya Beer-sheba, na mama akamlaza mwanawe chini ya kijiti akaenda kuketi mbali asimwone akifa. Mungu alisikia sauti ya kijana, akampa kisima. Msomaji asichukue kisima kile kuwa ruhusa ya kutoa kiriba kimoja. Kiriba kilipimwa kwa safari ya kuondoka pale nyumbani. Hakikupimwa kwa miaka ambayo kijana angeishi.

Makubaliano mengi ninayoonyeshwa yamepimwa hivyohivyo. Yameandikwa ili mtu aondoke. Yanataja kiasi kimoja cha mwezi, mtoto akiwa chekechea, kana kwamba hatakua. Mtoto wa PP1 leo atafika sekondari ya chini, kisha gredi ya 10 katika mfumo huu mpya wa elimu, pengine katika shule ya bweni mbali na hapa. Atahitaji sare, chakula cha mchana, vitabu, nauli, pedi kama ni msichana, miwani kama macho yake ni dhaifu. Makubaliano mengine yamenakiliwa kutoka karatasi za zamani na bado yanasema baba atalipia bima ya afya ya NHIF, ilhali NHIF iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na SHA tarehe 1 Oktoba 2024. Nani atakayemsajili mtoto kuwa mtegemezi wake huko? Kama karatasi haisemi, mtajua siku mtoto amelazwa na karani wa hospitali amewauliza. Pia wengi huandika kwamba matunzo yatakoma akitimiza miaka 18. Korti ina uwezo wa kuyaendeleza mbele ya hapo kwa kijana ambaye bado anasoma au mwenye ulemavu, na wazazi wanaojua mtoto wao ana hali hiyo waiandike mapema.

Halafu kuna namna pesa zinavyoingia. Mji wetu una vipato vya kila aina. Yuko askari wa kambi na wa kikosi cha kupambana na wizi wa mifugo, mwenye hati ya mshahara isiyobadilika lakini anayeweza kuhamishwa wakati wowote. Yuko mfanyakazi wa machimbo ya Kariandusi, mchoma nyama wa Kikopey ambaye wikendi za sikukuu zinamlisha mwezi mzima, dereva wa lori anayelala foleni kwenye mizani, mwana boda boda ambaye mfuko wake wa asubuhi si wa jioni, mkulima wa Murindati au Malewa anayeona pesa akivuna viazi na asione tena mpaka msimu ujao. Ukimwandikia mwana boda boda kiasi kikubwa cha kulipwa kila tarehe 5, umemwandikia kushindwa. Heri kiasi cha kila wiki, kinachotumwa kwa M-Pesa ili kila upande uwe na rekodi. Mkulima naye anaweza kulipa karo ya muhula mzima akivuna, moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na kidogo cha matumizi miezi mingine. Mwenye mshahara anaweza kukubali ukatwe kazini. Hakimu atauliza kila mmoja aeleze kwa kiapo anachopata na anachotumia. Ninyi mwaweza kuelezana kabla hajauliza.

Hapa nataka kusema na akina baba, kwa upendo wote. Nimewaona wanaume walioahidi kupita uwezo wao. Wengine waliahidi kwa majuto, wengine ili waonekane mbele ya mawakili kuwa ni wanaume. Mwezi wa kwanza wanalipa, wa pili wanakopa, wa tatu wanazima simu. Na baba anayekimbia deni hukimbia pia mtoto, kwa aibu. Haji shuleni siku ya wazazi, haji hata kanisani asije akaonana na mama yake mtoto. Mtoto anapoteza pesa na anapoteza baba kwa mkupuo mmoja. Ndugu, kama uliahidi usichoweza, nenda useme sasa, ukiwa na hati zako mkononi. Walawi 27:8 haioni haya kumpimia mtu maskini kadiri ya uwezo wake, na wewe usione haya. Kiasi kidogo kinachofika kila juma, pamoja nawe mwenyewe, kinamfaa mwanao.

Lakini asiingie mlango huo yule anayeficha. Wapo walioandikisha matatu kwa jina la mama yao na ploti kwa jina la kaka juma moja kabla ya kuapa kortini. Huyo asome Matendo sura ya 5, habari za Anania na Safira waliozuia sehemu ya thamani ya kiwanja na kusema ndiyo yote. Petro hakuwauliza kwa nini walikuwa na pesa. Aliwauliza kwa nini walisema uongo. Kufungua makubaliano ili kumpunguzia mtoto huku mali imefichwa ni kumdhulumu mara ya pili.

Akina mama, nanyi nina neno nanyi. Najua "sitaki hata shilingi" inatoka wapi. Inatoka kwa mtu ambaye kila shilingi aliyopewa alisimangwa nayo. Kukataa kunampa heshima yake tena, nami siidharau heshima hiyo. Hata hivyo pesa za matunzo hazikuhusu wewe. Zinapita mikononi mwako zikienda kwa mtoto. Wala kazi yako ya kuamka alfajiri, kupika, kufua, kumkalisha mtoto na daftari, si bure: huo ni mchango, na wajibu sawa wa Katiba haumaanishi kila mzazi atoe nusu ya kila shilingi. Tena msifanye matunzo na kumwona mtoto kuwa biashara ya kubadilishana. Baba aliyechelewa kutuma bado ni baba, na kumfungia mtoto ndani hakuleti unga. Vivyo hivyo baba asiseme kwamba hatatuma mpaka aletewe mtoto.

Iko hali moja ambayo sishauri mtu akae meza moja na mwenziwe. Kama sahihi yako ilipatikana kwa kipigo au kwa vitisho, hilo halikuwa kubaliano hata kidogo. Usiende peke yako kuomba mjadiliane. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yetu, nenda dawati la jinsia kituoni, mwambie wakili na umwombe amweleze hakimu. Iko Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Mtoto akiwa hatarini, nambari 116 haitozi pesa. Na mshirika yeyote atakayekuambia uvumilie kwa ajili ya jina la kanisa, uniletee jina lake.

Kwa wengine wote, njia si ngumu kama inavyodhaniwa. Afisa wa watoto huketi na wazazi wakaandika mkataba wa wajibu wao. Chifu naye husaidia, ingawa andiko la chifu bila la afisa au korti halina nguvu nyingi. Mahakama zenyewe zina upatanishi, ulioanza kwa majaribio Nairobi mwaka 2016 na kuenea kwingi, ambapo kesi ya familia hupelekwa kwa mpatanishi kabla haijafika ushahidi. Mwombe wakili wako. Ukimwambia kwamba umewaza tena juu ya matunzo, hatakucheka. Anajua kwamba ni heri leo kuliko mwaka ujao.

Sasa nije kwetu kanisa, na hapa nina uchungu. Sheria ya Ndoa inawapa wanandoa Wakristo nafasi ya kutafuta upatanisho katika kanisa walikofungia ndoa. Tunaipenda nafasi hiyo, nasi tunakaa vikao virefu. Lakini upatanisho unaposhindikana, mara nyingi tunanyamaza. Tunaogopa kwamba tukizungumza juu ya karo na unga tutaonekana tumebariki talaka. Malaki sura ya 2 inasema Mungu anachukia kuachana, nami nalihubiri hilo bila kulipunguza. Nabii huyohuyo, katika sura ya 3, anamweka Mungu kuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomwonea mjane na yatima. Mtoto ambaye wazazi wake wako hai na hatunzwi anaishi kama yatima. Sioni jinsi tunavyoweza kuisoma sura moja na kuifunga nyingine. Tukiwa tumeshindwa kuiokoa ndoa, bado tumepewa watoto wa ndoa hiyo. Wengi wao tuliwapokea hapahapa mbele, tukawaombea, na kanisa zima likasimama na kuahidi kusaidia kuwalea. Ahadi ile nayo ilikuwa neno letu.

Kwa sababu hiyo nawaomba wazee wa kanisa wa kila mtaa jambo juma hili. Mnawajua walio katika mitaa yenu ambao wameweka sahihi na wanangoja korti. Nendeni nyumba zote mbili, ya mama na ya baba, popote alipohamia. Msiende kusikiliza nani alikosa. Hilo limekwisha kusemwa vya kutosha. Chukueni kalamu na karatasi, muulize mtoto ana miaka mingapi, yuko darasa gani, anakula nini mchana, amesajiliwa wapi kwa matibabu, na mwaka kesho atahitaji nini. Jumlisheni pamoja nao. Kisha someni yale waliyoyaandika, mlinganishe. Kama yanatosha, mwombe nao na muondoke. Kama hayatoshi, mwulizeni kila mmoja kama yuko tayari kukaa tena na mwenziwe, mbele ya afisa au wakili, kabla ya tarehe ya korti. Nami nitakuwa tayari kuja mkiniita. Na mmoja wao akisema kwamba ni mwenzake anayepaswa kuja kwanza, msibishane naye. Msimulieni habari za Finehasi na Yeftha, kisha mwende kwa yule mwingine siku iyo hiyo.